Mtani wa Kitanda Namba Nne

Jumatatu, 14 Julai

Kisarawe. Tumefika hospitalini saa tatu asubuhi na gari la chuo, wanafunzi sita, masanduku tisa. Matatu ni ya Firdausi, msichana wa darasa letu. Mimi nina begi moja na stetoskopu nyekundu niliyonunuliwa na shemeji Silvanus wa kiwandani Zegereni. Ndiye mtu pekee katika ukoo anayejua kwamba mimi, Onesmo, nilifeli. Wengine kule Njombe wanajua nimebakiza mwaka mmoja tu. Baba ameshatundika sebuleni picha yangu ya koti jeupe, na wageni wanatakiwa kuisalimia.

Nilifeli somo moja. Mawasiliano na Mgonjwa. Thelathini na nane! Madam Atupele alidai nilimuuliza mgonjwa maswali kumi na saba kwa dakika nne, na mengine nikayajibu mwenyewe. Nilikuwa namsaidia! Firdausi alipata tisini na moja. Mbinu yake: anavuta stuli, anakaa, ananyamaza. Uvivu nao siku hizi unapewa alama.

Jumanne ijayo, tarehe 22, Madam anakuja kutoka Kibaha kunitazama nikiongea na mgonjwa. Nikifeli tena narudia mwaka, nikae dawati moja na watoto wanaoniamkia. Haiwezekani.

Nimepangiwa kitanda namba nne. Bi Zuwena wa Kibuta, miaka sitini na tisa, kidonda mguuni, presha iliyogoma kushuka. Inchaji wa wodi, Sista Bertha, kanieleza habari zake. Mjukuu wake Yasmin anaolewa Jumamosi ya tarehe 26, na bibi ndiye somo wa bi harusi, wa kumfunda. Bila yeye shughuli haianzi. Daktari naye kasema presha isiposhuka kufikia Ijumaa ya wiki hiyo, hakuna harusi, ni gari la wagonjwa kwenda Dar. Kwa hiyo bibi anataka ruhusa, mimi nataka alama. Tunahitajiana. Nikampa shikamoo yangu nzuri kuliko zote. Akaitikia marahaba na kugeukia ukutani.

Jumanne, 15 Julai

Mpango wa kwanza: karatasi ya Madam yenye maneno kumi na mawili ya kumjali mgonjwa. Nimeyakariri yote nikipiga mswaki. Nikaanza na la kwanza. Nikamwambia naelewa anavyojisikia. Akaniuliza, kwani na mimi nimezaa wanane? Nikaruka hadi la tisa. Nikamwomba anieleze zaidi kuhusu hilo. Akauliza kuhusu lipi, maana yeye hajasema kitu. Kitanda cha tatu na cha tano wakaangua kicheko. Karatasi haisemi ufanye nini wakicheka.

Saa tano akaingia Dotto, mfanya usafi, Mnyamwezi wa Nzega, na ndoo yake. Bila hodi wala salamu akamwambia Bi Zuwena kwamba haumwi kitu, kakimbia kulima mihogo. Wazaramo bwana, kidonda kidogo wanalazwa, ngoma ikilia wanapona! Nikashika kichwa. Mgonjwa wa presha! Lakini bibi akainuka kitandani kama msichana. Akamjibu kwamba Wanyamwezi walikuja pwani wamebeba mizigo ya watu na mpaka leo hawajajua kuitua, hebu itazameni ndoo hiyo. Wakacheka mpaka bibi akajifuta machozi kwa pindo la kanga. Kisha akachukua kitambaa kilichokuwa begani kwa Dotto na kukikalia. Dotto akachukua ndizi yake akaila palepale. Hakuna aliyenuna.

Nikamuuliza Firdausi kulikoni. Akasema hao ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anasema lolote, anachukua chochote, na hanuniwi. Kumbe! Haya ndiyo mawasiliano. Hakuna stuli, hakuna kunyamaza. Tatizo ni moja tu. Mimi ni Mbena.

Jumatano, 16 Julai

Mungu hamtupi mja wake. Dotto kapigiwa simu, mjomba wake kafariki, kaondoka alfajiri kwenda Nzega. Nampa pole. Lakini nafasi ya mtani iko wazi.

Saa nne nikasimama mbele ya kitanda namba nne, mikono kiunoni. Nikamwambia Bi Zuwena kwamba siku zote hizi nilikuwa namficha: mimi ni Mnyamwezi. Akauliza wa wapi. Nzega. Akauliza Nzega upande gani. Nikasema upande wa barabarani. Akacheka mpaka kitanda cha tano wakaamka. Akasema haya, karibu mtani. Akauliza mfukoni nina nini.

Nilikuwa na chapati yangu ya saa nne, imefungwa kwenye gazeti. Akaichomoa mwenyewe, akaila yote, akanirudishia gazeti.

Nikacheka. Mtani hanuni. Njaa iliuma mpaka saa nane, lakini huu ni ushindi! Tumeongea dakika ishirini nzima. Firdausi ana wagonjwa wawili na hakuna hata mmoja aliyemlia chapati.

Ijumaa, 18 Julai

Utani umekolea. Jana kachukua kalamu yangu ya rangi nne. Leo kachukua chapati mbili, maana nilibeba ya ziada ili moja ibaki.

Kazi inakwenda vizuri. Asubuhi nampa vidonge vyake na kikombe cha maji, nageuka kuandika "amemeza", nikigeuka tena tuko kwenye utani. Leo kaniambia vidonge vyetu anampa paka wa jikoni, ndiyo sababu paka yule hajawahi kuugua presha. Nilicheka mpaka nikashikilia chuma cha kitanda. Paka! Nikaandika kitabuni: mgonjwa mchangamfu, anatania, moyo wake uko juu. Presha nayo iko juu, 180 kwa 110. Haijashuka hata kidogo. Presha gani kaidi hivi?

Akaongeza kwamba choo chetu kiko Morogoro, na mwenye mguu mmoja akitaka kwenda aage watoto kabisa. Nikamwambia apande basi. Nilikuwa moto leo! Ile hakuicheka. Labda hakuisikia vizuri. Nitairudia kesho.

Jumamosi, 19 Julai

Kachukua stetoskopu! Sikuitarajia hata kidogo. Nilipompelekea uji akaivua shingoni kwangu, akaivaa juu ya kanga, na huyo, anachechemea kitanda hadi kitanda kuwapima wenzake. Ningeidai, lakini mtani hadai. Kwa kitanda cha tatu alikaa robo saa nzima. Mama wa watu alikuwa anamweleza habari za mwanawe aliyeacha kupiga simu, naye Bi Zuwena kamshika mkono, stetoskopu inaning'inia bure kifuani. Hata kuitumia hajui. Nikamwambia asiwachoshe wagonjwa.

Nikairudia ile ya basi la Morogoro. Hakuicheka tena.

Jioni Firdausi akaniuliza kwa nini presha ya bibi haishuki na dawa anameza. Nikamwambia kuna presha za ukoo. Akauliza kama huwa namwona akimeza. Ona wivu ulivyo! Mimi nina mtani, yeye ana stuli.

Jumatatu, 21 Julai

Siku mbaya tangu asubuhi. Dotto karudi. Sijavaa hata koti sawasawa, Bi Zuwena akamwita aje amwone ndugu yake wa Nzega. Dotto akafurahi, akaweka ndoo chini, akaniamkia kwa lugha yao. Mwangaluka! Mdomo wangu ukajibu wenyewe, kabla sijaushika. Kamwene! Kibena kitupu, cha jikoni kwa mama. Dotto akanitazama. Bi Zuwena akatazama dari. Nikaeleza kwamba Nzega upande wa barabarani kuna mchanganyiko mkubwa. Dotto akaokota ndoo yake akaondoka, mabega yakimtikisika.

Saa nne daktari akapita. Akasema dozi iongezwe, na Ijumaa presha ikiwa vilevile, Dar. Bi Zuwena alishika ncha ya kanga, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Nikaona nimchangamshe. Nikamwambia mtani usijali, Dar utakula chips, na harusi ya Yasmin utaiona kwenye simu. Hakunichukulia kitu. Nikamwekea chapati mwenyewe pembeni ya mto na hakuigusa.

Nilijisikia vibaya. Kweli kabisa. Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi nikaila ile chapati.

Jumanne, 22 Julai

Siku ya mtihani. Madam Atupele kaja na daftari na kalamu nyekundu. Akasimama miguuni pa kitanda, Sista Bertha kando yake, Firdausi na stuli yake nyuma. Nikamwomba bibi kwa macho asitaje habari ya Nzega. Akanikonyeza. Mungu ambariki.

Nikaanza kwa kishindo. Nikamwambia Wazaramo kwa kupenda kulala hawajambo. Akajibu kwamba bora kulala kuliko kubeba mizigo ya watu. Nikacheka. Akaleta tena ile ya vidonge na paka. Nikacheka zaidi, nikamgeukia Madam ili aone nilivyozoeana na mgonjwa wangu. Madam hakuwa anacheka. Alikuwa ameacha kuandika.

Dotto alikuwa anapiga deki mlangoni. Bila kuinua kichwa akamwambia Bi Zuwena: mwongo mkubwa wewe, paka gani anakula vidonge, hebu fungua hilo fundo la kanga tuone. Nilijua sasa atatukanwa. Bibi akamtazama Dotto, akashusha pumzi, akafungua fundo polepole. Vidonge kumi na vitatu. Vingine vimeanza kuwa unga.

Kumi na vitatu! Na mimi nimeandika "amemeza" siku zote, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Nikafungua mdomo nianze na neno la kwanza la karatasi. Firdausi akanipita, akavuta stuli, akakaa. Akamuuliza bibi ni kidonge kipi kinachomsumbua. Kisha akanyamaza. Nilihesabu mpaka thelathini na mbili. Ulimi uliniwasha! Nilikuwa na majibu matatu tayari. Ndipo Bi Zuwena akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, kwamba ni kile cheupe. Kinamkojoza. Kila mara choo, na choo kiko ng'ambo ya uwanja, na mguu wenyewe ndio huu. Wiki iliyopita alianguka njiani, akainuka mwenyewe, hakumwambia mtu. Na chombo cha kukojolea kitandani angemwomba nani? Angemwomba kijana wa kiume, rika la mjukuu wake? Akasema bora presha kuliko aibu.

Madam akaniuliza kama mgonjwa hakuwahi kunieleza. Nikasema hata siku moja. Bi Zuwena akasema kwa upole kwamba alinieleza. Vidonge alinieleza, na choo alinieleza. Nikacheka.

Arobaini na nne. Nimefeli. Madam alikuwa anafunga daftari wakati bibi alipomshika mkono. Akamwomba asinitupe. Kijana mwenyewe ana moyo, akasema, na hajawahi kumnyima chapati. Madam akafikiri sana. Nikamwona Baba anaishusha picha ukutani. Mwishowe akanipa nafasi ya mwisho: Jumatatu tarehe 28, Kibaha, mgonjwa mwingine, saa nne. Kitabuni mwangu akaandika neno moja tu kwa wino mwekundu. Asikilize.

Ijumaa, 25 Julai

Tangu Jumanne chombo kiko chini ya kitanda na pazia linavutwa. Firdausi anampa bibi kidonge cheupe mapema asubuhi, anakaa naye mpaka kishuke kooni, anamshika mkono wakati wa haja. Mimi nimepewa kazi ya kumwaga chombo. Nimekimwaga siku tatu bila kulalamika, isipokuwa moyoni.

Leo presha 146 kwa 88! Daktari kampa ruhusa, arudi Jumanne kusafishwa kidonda. Bi Zuwena akapiga vigelegele mpaka Sista Bertha akamkumbusha kwamba presha inaweza kupanda tena. Sijui kwa nini nilifurahi vile, utadhani mimi ndiye niliyefaulu. Akaniambia kesho nisikose Kibuta. Mtani ana kazi zake harusini.

Jumamosi, 26 Julai

Nilivaa shati jeupe na viatu vya ngozi, nikijua mtani hukaa mbele na wazee. Mtani huosha masufuria! Masufuria ya pilau, manne, makubwa ya kumwogeshea mtoto, yameungua chini. Dotto alinisimamia kwa raha zake zote, amekaa kwenye mkeka na sahani ya tatu. Alimwambia kila aliyepita kwamba vijana wa Nzega upande wa barabarani huanza hivi.

Alasiri Yasmin akatolewa nje. Bi Zuwena nyuma yake, kanga mpya, mkongojo mkononi, anatembea taratibu kama mwenye shughuli yake, na kweli ilikuwa yake. Wanawake wakaimba. Bibi akamwinamia mjukuu wake, akamnong'oneza kitu, na Yasmin akalia na kucheka kwa pamoja. Nikasimama na masizi mpaka kwenye viwiko nikawatazama. Macho yakanijaa machozi. Nikasingizia moshi.

Baadaye bibi akaja kukaa kwenye kigoda karibu na masufuria yangu. Nikamwomba radhi kwa ule Unyamwezi. Akasema alijua siku ileile ya kwanza. Mnyamwezi gani anaporwa chapati anabaki kuchekacheka? Mtani wa kweli angemnyang'anya, angemwita mwongo, angemfungua kanga na kumwaga kila kitu hadharani, kama alivyofanya Dotto. Kumtania mtu ni lazima kwanza umsikie. Mimi nilikuwa nangoja anyamaze ili nicheke. Hakusema kwa ubaya. Alisema huku ananifuta masizi shavuni.

Kisha akanirudishia stetoskopu yangu, imefungwa kwenye kipande cha kanga. Kalamu ya rangi nne kabaki nayo.

Jumatatu, 28 Julai

Kibaha. Saa moja na dakika hamsini asubuhi. Jana tumerudi chuoni sote sita. Niko bwenini, nimejiandaa tangu kuche.

Siku mbili nzima nimelitafakari lile neno la Madam. Asikilize. Na maneno ya bibi vilevile. Nimeelewa! Nashangaa sikuliona mapema. Kosa langu lote lilikuwa moja: stetoskopu haikuwa masikioni. Kwanza niliiacha shingoni kama mkufu, halafu nikaporwa. Mgonjwa atajuaje kwamba unamsikiliza kama masikio yako yako wazi tu, mfano wa mpita njia?

Leo nimeivaa tangu saa kumi na moja. Imeingia mpaka ndani kabisa. Nimekunywa nayo chai. Utulivu wa ajabu! Mpishi alinieleza kitu kirefu, nikamwitikia kwa kichwa, akaniongezea sukari. Sitaivua mpaka Madam aweke sahihi.

Utani pia sijautupa. Mgonjwa wa leo ni Mzee Matano, Mdigo wa Tanga. Nikifika wodini nitauliza watani wa Wadigo ni kina nani, na mimi nitakuwa hao.

Firdausi kasimama mlangoni, anahema. Mdomo unakwenda mbio. Anaonyesha saa ya ukutani, anainua vidole viwili, anaonyesha barabarani, anaonyesha tena saa. Maskini. Hatimaye kaja kuomba mbinu. Nikamvutia stuli. Hakukaa. Nikamtazama machoni, nikaitikia kwa kichwa, sikumkatiza hata mara moja. Alinishika mkono akanivuta, nikamtuliza kwa kumpapasa bega. Sasa kaondoka anakimbia, mikono kichwani. Nimemgusa. Hakuwahi kusikilizwa namna hii.

Dirishani naona gari la chuo linatoka getini, Madam Atupele kiti cha mbele, daftari mapajani. Sijui anawahi wapi asubuhi yote hii. Mtihani ni saa nne. Acha nile chapati.